Kunguni Si Aibu, Aibu ni Kunyamaza



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nizungumzie jambo ambalo wengi tunalijua, wachache wanalisema, na karibu wote tunalicheka: kunguni. Najua mhariri angefurahi zaidi kupata makala ya siasa za nyumbani, au ya namna ya kupata kazi ukishamaliza shahada. Lakini siasa za nyumbani zitakuwepo hata mwakani. Kunguni nao watakuwepo, ila hawa tunaweza kuwamaliza wenyewe bila kusubiri uchaguzi.

Hoja yangu ni moja. Kinachowasambaza kunguni katika nyumba za wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Uingereza si uchafu, wala si umaskini. Ni kimya. Tunaona aibu, tunaficha, na tukishaficha tunaendelea kukaribishana, kulazana kwenye masofa na kuachiana magodoro kana kwamba hakuna kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuambizane ukweli. Kuna nyumba moja ya wenzetu ambayo ilikuwa na kunguni tangu Juni. Wenyewe walijua. Wakanunua dawa ya dukani, wakapuliza, wakanyamaza. Septemba ilipofika, wageni wapya kutoka Dar, Mombasa na Kampala wakalala pale usiku mbili tatu kabla ya kupata vyumba vyao, kama ilivyo desturi yetu nzuri. Kufikia Krismasi nyumba nne zilikuwa zinajikuna. Na nani alibeba lawama? Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, kwa kosa la kuwa wa kwanza kusema kwa sauti. Mialiko ya ubwabwa ikakatika. Watu wakaanza kukwepa kukaa naye maktaba. Kiswahili kinamwita mtu anayechukiwa bila sababu kuwa ana damu ya kunguni, na yeye alipewa damu hiyo rasmi. Aliishia kutupa godoro, mablanketi na koti lake la baridi, akalala sakafuni wiki nzima ya mitihani. Waliomwambukiza walikuwa wanakula pilau kwenye sherehe ya mwaka mpya.

Jamani, hilo ndilo linaloniuma kuliko mdudu mwenyewe. Somo ambalo kila mmoja alijifunza pale ni kwamba ukisema unaumia, ukificha unakula pilau. Jumuiya inayofundisha hivyo itafuga kunguni mpaka mwisho wa dunia.

Kwanza tumjue adui

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, ni bapa, rangi ya kahawia, anafanana na mbegu ya tufaha. Hana mabawa na hajui kuruka kama kiroboto. Anatembea kwa miguu, na safari ndefu anasafiri kwa mizigo yetu: begi, koti, godoro la kupewa, sofa iliyookotwa nje. Wa huku kwenye baridi anaitwa Cimex lectularius. Kwetu kwenye joto yuko binamu yake, Cimex hemipterus. Tabia zao ni karibu sawa.

Chakula chake ni damu basi. Hali makombo ya ugali, hali sahani zilizolala kwenye sinki, hali vumbi. Ndiyo maana kupiga deki kila siku hakumfukuzi, na ndiyo maana hata kwenye hoteli za bei mbaya anapatikana. Chumba kilichojaa vitu kinampa mahali pa kujificha, lakini kinachomleta na kumweka pale ni wewe uliyelala kitandani, na pumzi yako na joto la mwili wako ndivyo vinavyomwonyesha njia.

Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku, akiyagandisha ndani ya nyufa. Baada ya siku 6 hadi 10 yanaanguliwa. Mtoto anapitia hatua 5 kabla ya kukua, na kila hatua lazima apate damu ndipo ajivue gamba. Katika chumba chenye joto la kawaida safari hiyo inachukua mwezi mmoja hadi miwili. Sasa piga hesabu mwenyewe: jike mmoja aliyekwisha kupandwa akiingia na begi la mgeni Septemba, kufikia Februari hapo kuna ukoo mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kunguni ufa ni ufa kwelikweli.

Na usidhani utamwua kwa njaa. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na kwenye chumba chenye ubaridi anakaa zaidi. Kufunga chumba wiki tatu za Krismasi ukaenda kwa shangazi London ni kumpa likizo tu, na pengine kumpeleka na yeye London.

Habari njema ni kwamba hajulikani kuwaambukiza watu ugonjwa kwa kuwauma. Kwa hilo mbu wa nyumbani ni adui mkubwa zaidi mara elfu. Anacholeta ni kuwashwa, kukosa usingizi, na yale mawazo ya kuwasha taa kila nusu saa. Kwa mtu mwenye tasnifu ya kumaliza, hilo si dogo.

Kitu kimoja zaidi, na hiki kinatuhusu sisi. Picha nyingi za alama za kunguni zinazozunguka zimepigwa kwenye ngozi nyeupe: vidoti vyekundu vilivyojipanga mstari. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani vizuri, unaona uvimbe mdogo au alama nyeusi, na unajiambia ni joto au sabuni mpya. Halafu kuna watu hawavimbi kabisa, na wengine alama zinachelewa kutokea hata wiki mbili. Kwa hiyo mwenzako wa flati akikuambia, "Mbona mimi siumwi?", huo si ushahidi. Ushahidi uko kitandani. Chukua tochi ya simu na kadi ya zamani ya benki, pitisha kwenye mishono ya godoro, kwenye chaga, kwenye matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani. Tafuta vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino, magamba yaliyovuliwa, na mayai meupe ya milimita moja.

Nani kamleta nani?

Sababu kubwa ya kimya chetu naijua. Tunaogopa kuambiwa kwamba Waafrika ndio wameleta wadudu. Hofu hiyo si ya kujitungia. Mwaka 2023, Paris ilipopatwa na kiwewe cha kunguni, mtangazaji mmoja wa televisheni aliuliza hewani kama wahamiaji ndio chanzo. Lakini mwaka huohuo shirika la serikali ya Ufaransa linaloshughulikia usalama wa afya, ANSES, lilikuwa limekwisha kutoa ripoti: karibu kaya 11 katika kila 100 zilipata kunguni kati ya mwaka 2017 na 2022, na kipato cha kaya hakikuwa na uhusiano na kupata kunguni. Kipato kinahusika baadaye, kwenye kulipa gharama za kuwaondoa.

Na historia ya Uingereza yenyewe inatosha. Mwaka 1730, John Southall alichapisha London kitabu kizima kuhusu kunguni, na alikuwa akiuza dawa ya kuwaua. Kwa maelezo yake mwenyewe, siri ya dawa hiyo aliipata Jamaica kwa mzee mmoja mweusi aliyekuwa huru. Jina la mzee halikubaki, la Southall limebaki. Kwa hiyo akitokea mtu kukuuliza Mwafrika ameleta nini London katika habari ya kunguni, mwambie katika kumbukumbu zilizoandikwa mtu wa asili yetu ameleta dawa.

Miaka ya 1930, halmashauri za miji hapa zilipokuwa zikibomoa makazi duni na kuwahamishia watu nyumba mpya, baadhi zilifukiza samani zao kwa gesi ya sianidi kwanza, ili kunguni wasihamie nao. George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu ufukara wa Paris na London, anasimulia kunguni wa hoteli aliyopanga. Wakati huo babu zetu walikuwa hawajapanda ndege. Waliopunguza kunguni nchi hizi ni DDT na mabadiliko ya makazi baada ya Vita Kuu ya Pili, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 wamerudi kwa kasi: dunia inasafiri zaidi, na wamezizoea dawa.

Dawa ya dukani na hadithi ya pareto

Hapo kwenye dawa ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa. Dawa nyingi za kupuliza zinazouzwa madukani ni za jamii ya pairethroidi, yaani kemikali zilizoundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Pareto mnaijua. Kenya ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani kwa miongo mingi, na Tanzania nayo inalima. Ni dawa nzuri kwa wadudu wengi. Kwa kunguni wa leo, mara nyingi inawafukuza tu kutoka chumba chako kwenda cha jirani.

Wala hili halikugunduliwa huku peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania, vyandarua vilivyotiwa dawa ya jamii hiyo vilikuwa vimewamaliza kunguni, watu wakafurahi, halafu baada ya miaka kadhaa kunguni wakarudi wakiwa sugu. Kwa hiyo uzoefu wa jambo hili tunao nyumbani.

Yale makopo ya "bomu" la moshi ndiyo hasara zaidi. Watafiti wa Ohio State University walionyesha mwaka 2012 kwamba hayawafikii kunguni waliojificha kwenye nyufa, na kunguni huishi nyufani. Na kuna hatari. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, iliripoti mwaka 2011 watu 111 waliougua katika majimbo 7 kati ya mwaka 2003 na 2010 kwa sababu ya dawa walizotumia dhidi ya kunguni, na mmoja alifariki. Mtu akikosa usingizi anapuliza shuka, anapuliza mto, anapuliza mpaka mwili wake. Wengine wanabeba dawa za shamba kutoka nyumbani. Wengine wanamwaga spiriti au mafuta ya taa kwenye godoro, kando ya hita ya umeme. Mhandisi mwenzenu anawaomba: msifanye hivyo. Kunguni hajulikani kuua mtu, moto unaua.

Joto ndilo dawa

Hapa ndipo fani yangu inaponipa ruhusa ya kusema kidogo. Kunguni anaweza kuzoea sumu, lakini hajaweza kuzoea joto. Kwenye nyuzi 48 za Selsiasi, wazima hufa katika dakika 20 hivi, na mayai yanahitaji kama dakika 90. Ukipita nyuzi 50, kifo ni cha haraka kwa wote. Kazi ni kuhakikisha joto hilo linafika alipo yeye, siyo pale ulipoweka kipimajoto chako.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya mwanafunzi ni mashine ya kukaushia nguo. Weka nguo, shuka, mapazia, hata begi la kitambaa, kwenye moto wa juu kwa nusu saa baada ya kukauka. Kama nguo ni safi na kavu, huna haja ya kuzifua kwanza. Kama unafua, fua kwa nyuzi 60. Vilivyopona viingie kwenye mifuko ya plastiki na kufungwa, visirudi chumbani wazi. Vitabu na viatu visivyoweza kupashwa moto vikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Kuvianika nje usiku wa Januari hakutoshi, baridi ya Uingereza inatutesa sisi tu, yeye inamsinzisha.

Silaha ya pili ni mashine ya mvuke, ukiipitisha polepole sana kwenye mishono na nyufa. Ya tatu ni mfuko wa godoro wenye zipu, ambao unawafungia ndani waliomo. Ya nne ni vibakuli maalumu vya kuweka chini ya miguu ya kitanda: kunguni akitaka kupanda anaanguka na hawezi kutoka. Sogeza kitanda mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu. Kazi ikiwa kubwa, mafundi wanakuja na vipasha joto na feni, wanapandisha chumba kizima kupita nyuzi 50 kwa saa kadhaa. Hizo saa si za kuongeza bili. Godoro na kabati la vitabu hupokea joto polepole, na kona moja iliyobaki baridi ni mbegu ya mwaka ujao.

Mtasema nawaza kimitambo sana. Wanawake wa nchi za Balkani zamani walitandaza majani ya maharage sakafuni usiku, na asubuhi wakayachoma moto yakiwa yamejaa kunguni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha sababu: vinywele vya jani vyenye umbo la ndoana vinatoboa miguu ya kunguni na kumnasa. Wakajaribu kutengeneza jani la bandia, likashindwa kunasa kama la Mungu. Hapo hapakuwa na sumu hata tone.

Na jambo moja ambalo karibu kila mtu analikosea: usihame chumba kwenda kulala sofani. Kunguni atakufuata, na sasa utakuwa na vyumba viwili vya kutibu. Lala kitandani pako, kilichokingwa, mpaka kazi iishe. Najua ni ngumu.

Mwenye nyumba naye

Kuna mwenye nyumba mmoja aliyewajibu wenzetu kwamba kunguni "mmekuja nao kwenu", nao wakainamisha vichwa wakalipa wenyewe. Hii ni kodi ya aibu. Hapa England, sheria ya mwaka 2018 kuhusu nyumba kufaa kukaliwa na binadamu inamtaka mwenye nyumba aikabidhi ikiwa inafaa na ibaki hivyo muda wote wa upangaji, na wadudu ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Kama kunguni walikuwemo kabla hujahamia, una hoja. Lakini hoja inataka ushahidi: piga picha siku ya kwanza unapoingia, andika baruapepe yenye tarehe siku unapowaona, usipige simu tu. Aliyekaa kimya miezi mitatu ndiye anayeonekana aliwaleta. Wanaokaa mabweni ya chuo waripoti ofisini siku hiyohiyo. Na katika nyumba za kuungana, jirani asiposhughulikiwa umefanya kazi bure.

Tufanye nini sasa

Kuna wanaosema mtu ana haki ya siri yake. Nakubali, na sitaki kunguni za mtu zitangazwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Ninachosema ni kwamba kuna watu ambao haki yao ya kujua ni kubwa kuliko haki yako ya kuficha: unaoishi nao, waliolala kwako karibuni, uliolala kwao, na yule unayetaka kumpa godoro. Hao waambie ndani ya siku mbili, mmoja mmoja, kwa heshima. Wengine haiwahusu.

Na anayeambiwa ana wajibu wake. Akijibu kwa kucheka au kwa kumtenga mwenzake, ajue amewafundisha wengine wote kuficha. Jibu la kiungwana ni fupi: asante kwa kunijulisha, unahitaji msaada gani?

Kuhusu wageni wa Septemba, tusiache kuwapokea. Mtu anayefika Heathrow na sanduku mbili na hajui basi la kupanda hawezi kuambiwa aende hoteli. Ila tubadilishe utaratibu. Sanduku likae bafuni au kwenye mfuko uliofungwa, nguo zipite kwenye mashine ya kukaushia, na mwenyeji akague kitanda chake kabla ya mgeni kufika. Hili lifanyike kwa kila mgeni, awe mtoto wa waziri au wa mkulima, ili asiwepo wa kujiona ameshukiwa. Na magodoro yanayotupwa nje Juni tuyaache hukohuko nje, hata kama yanaonekana mapya. Tuliobeba maboksi usiku kucha tunajua thamani ya kitu cha bure, lakini hicho si cha bure.

Mwisho, kwenye mkutano mkuu ujao nitaleta hoja kwamba sehemu ndogo ya ada ya uanachama inunue mashine moja ya mvuke, mifuko ya magodoro kumi na vibakuli vya miguu ya vitanda, vikae kwa katibu na viazimwe bila kuuliza jina la nyumba. Gharama yake haifiki ya sherehe moja ya mwisho wa mwaka. Na yule dada wa mwaka wa kwanza nimemwomba awe wa kwanza kuunga mkono hoja, naye amekubali. Atakaposimama, naomba tukae karibu naye.